Barabara Nyekundu ya Kambi Namba Tano

Pale Ellerton, mbele ya mahakama, wamesimamisha jiwe la kuwashukuru waanzilishi wa barabara ya magari. Majina ni ya mwenye benki, mwenye duka la nguo, mwenye gazeti. Nimelisoma jiwe lile mbele na nyuma, hata ule upande wanaoukojolea mbwa. Sikuona jina la mtu hata mmoja aliyewahi kushika koleo. Basi mimi nitasema ninayoyakumbuka, na mimi sisahau.

Kwanza mjue desturi yetu. Enzi zile, katika jimbo la Iowa, kila mwanamume mwenye nguvu alidaiwa siku za barabara. Hutoi fedha, unatoa mgongo. Unakuja na koleo lako, mwenye farasi anakuja na farasi wake, mnatengeneza njia ya kata yenu. Sheria nzuri, ukiisoma. Kwetu Kambi Namba Tano, ambako wengi tulikuwa watu weusi tuliotoka Virginia na Kentucky kuja kuchimba makaa ya mawe, siku hizo zilikuwa zikiliwa na meneja wa mgodi, Bwana Crandall Oates. Kila mwaka tulitengeneza njia ya kwenda nyumbani kwake. Tukaimwagia kokoto, tukaipandia miti kando ili mkewe apate kivuli. Njia yetu wenyewe ya kutoka kambini ilikuwa tope la magotini, na ilipita katika ardhi ya kampuni, kwa hisani ya kampuni.

Kando ya njia hiyo alikaa Lucinda Hargrove. Mumewe alipoangukiwa na dari la mgodi, kampuni ilimtoa katika nyumba ya kampuni kabla maua ya kaburini hayajakauka. Lakini Lucinda alikuwa mjanja. Ekari mbili alikuwa amekwisha kuzinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa anahama, na huko akajenga kibanda cha mbao, akafuga kuku na bata, akapanda viazi na maharage. Kampuni ikanunua mashamba yote yaliyomzunguka. Akabaki katikati kama kiini ndani ya yai.

Siku moja Oates alimfuata akiwa juu ya farasi wake. Mimi nilikuwapo, napasua kuni.

"Mama Hargrove, niuzie uondoke kwa heshima."

"Siuzi."

"Basi mavuno yakiisha nafunga njia. Njia ni ya kampuni. Sijui utatoka vipi, labda uruke."

"Kuku wangu wanaruka, Bwana Oates. Watanifundisha."

Alicheka mbele yake, mama yule. Oates alipoondoka alikaa juu ya gogo nililokuwa nalipasua, akauliza, "Coley, wewe unayesoma mavitabu ya sheria. Anaweza?"

"Anaweza," nikamwambia. "Labda njia ifanywe ya umma."

"Na nani anaifanya ya umma?"

"Baraza la wilaya. Na baraza la wilaya ni akina Sayre."

Akatema mate. Kila mtu aliwajua akina Sayre. Baba ndiye mwenye benki pale Ellerton. Mwanawe, Preston, ndiye bingwa wa mashindano ya magari kwenye maonyesho ya wakulima, mwaka hadi mwaka, katika ule uwanja wa vumbi wa kukimbizia farasi. Picha zake zilijaa gazetini: miwani, glavu, meno. Kilichokatwa katika kila picha ni mtu aliyekaa kushoto kwake. Magari ya mashindano ya zamani yalibeba watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine anapampu mafuta ya injini kwa mkono, anachunga matairi, anatazama nyuma nani anakuja, anampiga dereva begani kumwambia sasa, kata kona. Mtu huyo wa kushoto aliitwa Wendell Tibbs, mtoto wa kaka yake Lucinda, fundi wa mashine za pale mgodini. Preston alishinda kwa macho ya Wendell. Usukani Wendell hakuruhusiwa kuushika hata kuliingiza gari bandani. Ilikuwa michezo ya waungwana, walisema.

Ndipo likatokea tangazo. Chama cha Barabara cha wilaya kilisema itajengwa barabara kuu ya magari kutoka mto wa mashariki mpaka mto wa magharibi, kukatiza jimbo zima. Katika wilaya yetu ingeweza kupita kaskazini, kwa Ellerton, au kusini, kwetu. Wenye mashamba ya kusini walikuwa wamelalamika sana, basi Chama kikaamua yafanywe mashindano. Gari moja litapita kaskazini na jingine kusini, yaanze pamoja kwenye daraja la mashariki na kuishia kwenye kinu cha maji mpakani magharibi. Litakalotangulia, njia yake ndiyo itakayokuwa barabara kuu, ya umma, milele. Walitangaza hivyo kwa sababu walijua kusini ni tope na watu weusi. Walikuwa wanatafuta kicheko cha kiangazi.

Mimi nilisoma tangazo lile mara mbili, kisha nikaenda kanisani kwetu Jumapili nikaomba nafasi baada ya mahubiri.

"Ndugu zangu," nikasema, "kata hii ina wapiga kura wangapi? Sisi ndio wengi. Nani anachagua msimamizi wa barabara? Mkutano wa kata. Tumewahi kwenda? Hatujawahi. Tunamwachia Oates achague, halafu tunabeba kokoto mpaka kibarazani kwa mkewe!"

"Sema, Ndugu Coley!" akapaza sauti Lucinda. Yeye hakuwa na kura, maana wanawake walikuwa bado wanahesabiwa pamoja na watoto na vichaa. Lakini sauti alikuwa nayo, na wanaume wengi walikwenda kwenye mkutano ule kwa kuiogopa sauti hiyo.

Tukaenda tukalijaza darasa la shule mpaka madirishani. Oates alikuja na jina la mtu wake mfukoni, akaondoka nalo mfukoni. Tukamchagua Mzee Gideon Raines. Alikuwa mtandika reli wa chini ya ardhi, mwenye ndevu nyeupe na pimamaji lake la shaba la kupimia usawa, alilolipenda kuliko mke wa pili.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na lilikuwa kosa la wachimba makaa tu, mtu mwingine asingeliweza.

Chini ya mgodi reli hulazwa sawasawa kabisa. Ikiinuka kidogo, farasi anapasuka kifua kwa kuvuta. Ikishuka kidogo, behewa la makaa linakukimbilia na kukuua. Mzee Gideon maisha yake yote alikuwa amelaza njia tambarare, na watu walikuwa hai kwa sababu yake. Basi siku zetu za barabara zilipofika, tulikwenda kwenye kile kilima cha mabaki ya mgodi, kilichokuwa kimeungua chenyewe kwa miaka mpaka mawe yake yakawa mekundu kama matofali. Tukachimba kifusi hicho chekundu, tukakibeba kwa mikokoteni, tukakimwaga juu ya tope, na Mzee Gideon akatambaa nyuma yetu kwa magoti na pimamaji lake.

"Hapo pameinuka. Punguza."

"Mzee, ni unene wa kidole tu!"

"Kidole hicho kimeua watu, mwanangu. Punguza."

Tulipomaliza ilikuwa kama mkeka uliotandikwa. Wanawake walitoka kuitazama. Mchungaji alitembea juu yake amevua kofia. Ndipo akapita jirani yetu, Joost Terpstra, Mholanzi mwenye mahindi na nguruwe, akiendesha gari lake kuukuu la kijani ambalo sisi tuliliita Jeneza kwa mwendo wake. Terpstra alikuwa akipita kambini kwetu bila kutazama kulia wala kushoto. Siku hiyo alisimama, akainama, akaitazama barabara upande kwa upande, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

"Kinachekesha nini?" akauliza Mzee Gideon.

"Hakuna, mzee, hakuna. Mmejenga josho zuri sana. Ng'ombe nitawaleta lini?"

"Mpuuzi wewe! Sema tena!"

"Shimoni hakuna mvua, mzee," alisema Terpstra akipanda garini. "Huku juu kuna mbingu."

Tulimtukana mpaka Jeneza likapotelea kilimani.

Mvua ilianza Jumatano, siku sita kabla ya mashindano, ikanyesha mpaka Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi nilikwenda na Mzee Gideon kuitazama kazi yetu. Maji yalikuwa yamelala juu ya barabara kutoka mwanzo hadi mwisho, sawasawa, hayana pa kwenda. Yalikuwa yamenywea ndani mpaka kifusi kikalainika kama uji. Bata wa Lucinda walikuwa wakiogelea katikati ya barabara kuu ya magari.

Mzee Gideon aliliweka pimamaji lake mfukoni.

Oates alikuja, bila shaka alikuja. Alimsimamisha farasi ukingoni. "Mama Hargrove! Naona umepata bwawa. Nitakuongezea kidogo kwenye ile bei, kwa ajili ya bata."

Lucinda aliingia ndani, akavaa kofia yake ya kanisani, akanishika mkono. "Twende kwa Mholanzi."

"Aliyetucheka?"

"Aliyetucheka ndiye anayejua. Wewe ulijua? Mimi nilijua? Twende."

Tulimkuta Terpstra zizini. Lucinda hakuzunguka. "Bwana Terpstra, ulicheka ukaondoka. Kwenu ukimwona mtu anakunywa sumu unacheka ukaondoka?"

Mtu yule akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilidhani hamtaki maneno yangu. Mlinitukana."

"Ulistahili. Sasa sema."

Akasema. Barabara ya juu ya ardhi, alisema, lazima iwe na mgongo kama wa samaki. Katikati iinuke, kando zishuke, mitaro iwe pande zote mbili, maji yakimbie yenyewe. Na kuna namna ya kuutengeneza mgongo huo: unapasua gogo katikati, unaunganisha vipande viwili kwa mbao, farasi wanaliburuta kwa mshazari, nalo linasukuma udongo kutoka kando kwenda kati. Wakulima wote wanajua. Lakini linaburutwa wakati udongo ni mbichi bado, umeanza tu kukauka. Ukiwahi, unakoroga tope. Ukichelewa, unakwaruza jiwe.

"Na wetu utakuwa tayari lini?" nikauliza.

Akatazama mawingu, akakanyaga ardhi kwa kisigino, akakunja uso. "Kwa upepo huu? Kesho. Jumatatu utakuwa umeshikana, mashimo na yote."

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Mnaosoma haya leo, mnaofua nguo Jumapili na kucheza mpira, hamwezi kujua uzito wa neno hilo zizini mle. Terpstra alikuwa mzee wa kanisa la Waholanzi, watu ambao Jumapili hawapigi hata msumari. Na sisi Wabatisti hatukuwa nyuma sana.

"Haiwezekani," alisema. "Wazee wenzangu wataniita mbele ya kanisa."

"Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, utamwacha mpaka Jumatatu?" Lucinda akamuuliza.

"Huyo ni ng'ombe, mama. Maandiko yameruhusu."

"Njoo uone basi shimo gani tumetumbukia sisi. Njia hii isipokuwa ya umma, mavuno yakiisha Oates ananifunga ndani ya ekari zangu kama kuku kwenye tenga. Na wewe je? Nguruwe wako wanakwenda sokoni kwa njia gani masika?"

Terpstra alikuna kidevu muda mrefu. Hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Tukarudi.

Jumapili tulitoka ibadani mapema, Mchungaji akafunga kwa sala fupi ambayo sijasikia nyingine kama ile tangu siku hiyo. Tulipofika njiani tulikuta farasi wanne wa Terpstra wamefungwa kwenye uzio wa Lucinda, na magogo mawili ya kuburuta, tayari. Terpstra mwenyewe alikuwa amekaa juu ya uzio, suti nyeusi, kofia nyeusi, mikono ndani ya mifuko.

"Mimi sifanyi kazi," alitangaza. "Farasi wamepotea wakafika hapa. Mimi nimekuja kuwatafuta, nimechoka, nimekaa. Na kuzungumza si kazi."

Akazungumza tangu hapo mpaka jua linazama! Hajawahi mtu kuzungumza vile. "Laza gogo upande wa kulia! Kulia, si kwa bibi yako! Simama nyuma, uzito wako uwe kisigino! Mzee Gideon, achana na hilo pimamaji, tumia macho!" Mara moja gogo lilikwama na mguu wake ukashuka peke yake kutoka kwenye uzio. Akautazama, akaurudisha juu.

Mzee Gideon alikuwa amesimama juu ya gogo la pili, ameshika hatamu. Mwanzoni uso ulikuwa umekunjamana, maana kuinua katikati ya njia ilikuwa dhidi ya maisha yake yote. Jioni nilimwona ameshuka, anatembea kutoka mtaroni hadi katikati, anarudi, anatembea tena, kama mtoto aliyegundua ngazi. "Inamwaga," akaniambia. "Coley, tazama. Inamwaga yenyewe."

Gari la kushindania upande wa kusini lilikuwa Jeneza, maana jingine hatukuwa nalo, na Jumatatu Wendell, aliyekubali kuliendesha, akalivua nguo. Akaondoa viti vya nyuma, akaondoa vifuniko vya matairi, akaondoa taa.

"Kiti cha mke wangu!" Terpstra alilia. "Atakwendaje kanisani?"

"Atakwenda kesho kutwa, bwana. Kesho hashindani."

"Na wewe unajua kuendesha? Sijakuona hata siku moja."

"Hakuna aliyeniona," alisema Wendell bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini.

Terpstra alikataa katakata gari lake liende bila yeye. Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne, kwenye daraja la mashariki, watu wa Ellerton waliokuja na miavuli na vikapu vya chakula waliona jambo lisilowahi kuonekana katika wilaya ile. Wendell Tibbs amekaa kwenye usukani, na kushoto kwake, ameshika pampu ya mafuta kwa mikono miwili, mkulima mnene wa Kiholanzi.

"Kijana, umekosea kiti!" mtu mmoja akapiga kelele, wakacheka.

Preston Sayre, ndani ya gari lake kubwa jekundu la mashindano, hakucheka. Yeye alijua.

Mimi nilikuwa kambini, sikuona mwanzo. Nilichoona ni vumbi kilimani, kisha Jeneza likatokea kama limefukuzwa kuzimu. Watu wote wa kambi walikuwa kando ya barabara. Kifusi kilikuwa kimeshikana, kimelala na mgongo wake mzuri, chekundu chini ya jua, na gari lile lililokuwa linapitwa na kuku likapita mbele yetu likivuma. Nilisikia sauti ya Terpstra tu: "Polepole, mwana wa watu! Polepole! La, la, usipunguze!" Kisha wakapotea. Mzee Gideon alivua kofia. Lucinda hakungoja. Alikuwa amekwisha kupanda mkokoteni, akina mama wamejaa nyuma na vikapu vyao vya pai za kuuza, nami nikarukia, tukaenda njia ya mkato kuelekea kinu.

Tulipofika, Jeneza lilikuwa limeegeshwa chini ya mti, linatoa mvuke, na Terpstra amelala kwenye majani, mweusi kwa mafuta kama mmoja wetu. Gari la Preston halikuwa limeonekana. Kaskazini walikuwa wamemlipa mkandarasi kutoka mjini, akamwaga udongo mpya juu ya matope siku ya Jumatatu. Ulipendeza kwa macho. Preston aliwasili baadaye sana, gurudumu moja limepinda, tope mpaka kwenye meno yale ya picha.

Tulikuwa tumeshinda. Naandika neno hilo na bado nalisikia tamu. Tulikuwa tumeshinda!

Sayre mkubwa, mwenyekiti wa Chama, alinong'onezana na wenzake, kisha akaja kwetu na tabasamu.

"Bwana Terpstra, hongera. Kuna dosari ndogo. Kanuni inataka dereva awe mwanachama. Wewe ni mwanachama?"

"Nimelipa ada."

"Vizuri. Basi tunaandika kwamba gari la kusini liliendeshwa na Bwana Joost Terpstra. Sahihi yako hapa, na barabara ni ya kusini. Kila mtu anafurahi."

"Na nikisema nilikuwa nashika pampu?"

"Basi gari halikuwa na dereva halali," alisema Sayre, bado anatabasamu. "Na barabara ni ya kaskazini."

Terpstra aliinuka polepole. "Bwana, Jumapili nilikaa juu ya uzio nikazungumza kutwa, na dhamiri inaniuma mpaka sasa. Unataka niongeze na uongo?" Lakini akamgeukia Lucinda, na sauti ikashuka. "Mama, nyumba ni yako. Ukisema niandike, nitaandika, nitajibu mbele ya Mungu."

Wendell alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Shangazi, waache waandike. Mimi nimezoea."

"Ndiyo," alisema Lucinda. "Umezoea."

Nilimtazama uso, na najua aliiona nyumba yake ndani ya macho yale, na bata, na viazi.

"Mume wangu alipokufa," akasema, "kampuni iliandika: mtu mmoja. Hawakuandika jina. Mtu mmoja, kama gunia moja, kama farasi mmoja. Nilikwenda ofisini mara nyingi kuwaomba waandike Silas Hargrove. Hawakuandika." Akamgeukia Sayre. "Andika aliyeshika usukani ni Wendell Tibbs. T-i-b-b-s. Kisha barabara yenu pelekeni mnakotaka."

Sayre akafunga kalamu yake. Preston alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Angeweza kusema neno moja. Namkumbuka vizuri alivyotazama buti zake.

Nilirudi nao ndani ya Jeneza, nimechuchumaa palipoondolewa viti. Njiani Terpstra alisema ghafla, "Kona ile ya kinu, nilidhani tumekufa. Ulijuaje kwamba itashika?"

"Nimeipita kona kama ile mara mia, bwana. Upande wako."

Wakaanza kucheka, wote wawili, mpaka Wendell akasimamisha gari.

Mavuno yalipokwisha Oates alitimiza neno. Alileta nguzo mbili na mnyororo mnene wa mgodini, akafunga njia mbele ya uzio wa Lucinda, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Lucinda alitoka kwa kukatiza shamba la kampuni kwa kificho na kupita chini ya uzio wa Terpstra, ameinama, na kikapu cha mayai mkononi. Mimi nilikuwa naandaa maombi kwa baraza la wilaya, nikijua watakachoyafanyia.

Kisha mvua za vuli zikaja.

Chama kilikuwa kimepanga msafara wa kuizindua barabara kuu ya kaskazini, magari mengi, na wageni kutoka makao makuu ya jimbo. Hawakufika mbali. Udongo wa mkandarasi uliwameza mpaka ekseli. Na wenye magari si wajinga wanapopata shida. Mara baada ya mashindano walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana kimyakimya kuhusu ile barabara nyekundu ya kusini, na wengine walikuwa wameipita. Magari ya nyuma yakageuza, yale yaliyoweza kunasuliwa yakafuata. Mchana ule nilisikia honi. Nikatoka na Mzee Gideon. Msafara mzima, na Sayre mkubwa ndani ya gari la mbele, umesimama mbele ya mnyororo, na mvua inawanyeshea wageni wenye kofia za hariri. Upande huu wa mnyororo barabara ilikuwa inang'aa, imeinua mgongo, maji yanakimbia mitaroni.

Lucinda alitoka na mwavuli. "Karibuni. Kuna kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Lakini njia imefungwa, mabwana. Ya kampuni. Bwana Oates anasema labda mruke."

Wakamtafuta Oates. Alikuja mbio, kwa miguu, bila kofia.

"Fungua," Sayre alimwambia.

"Bwana Sayre, hii ni mali ya kampuni, tulikubaliana kwamba…"

"Oates! Mgeni huyu ni mkuu wa barabara wa jimbo zima, na amelowa mpaka chupi. Fungua!"

Ufunguo ulimwanguka Oates matopeni mara mbili. Mgeni yule aliyelowa alishuka akainama, akaigusa barabara kwa kiganja. "Nani alitengeneza hii?"

Lucinda hakumpa Sayre nafasi ya kupumua. "Huyo hapo, Gideon Raines. Na watu wa kambi hii, na farasi wa Joost Terpstra. Na wa kwanza kuipita mbio kwa gari ni Wendell Tibbs. Na bwana, ikifunguliwa leo kwa ajili yenu, kesho itafungwa kwa ajili yangu. Naomba jibu kabla ya kuku."

Mgeni akamtazama Sayre. Sayre akatazama tope kwenye suruali zake.

Baraza la wilaya lilikaa wiki ileile. Njia yetu ikawa ya umma, na barabara kuu ikahamishiwa kusini. Sidanganyiki. Hawakuifungua kwa haki ya mjane, waliifungua kwa matairi yao. Haki ilipita mlango wa nyuma, imejificha chini ya koti la tajiri. Haidhuru. Tulipokea. Mnyonge akingoja haki ije kwa mlango wa mbele, na tarumbeta, atazeeka kibarazani. Na jina la Wendell halikuandikwa na Chama mpaka leo, ila magari yote ya wilaya ile yalijua pa kwenda yakikorofisha, kwenye banda lake pembeni mwa mgahawa alioufungua Lucinda baadaye, na waliokuja walimwita Bwana Tibbs, maana aliyekosa kumwita hivyo alisukuma gari lake mwenyewe.

Lakini siku ile ya mvua, msafara ulipokwisha kupita na kushiba, magurudumu yalikuwa yameacha mifereji mirefu. Upepo ulianza kuvuma, mawingu yakapasuka. Terpstra alifika na farasi, akakanyaga ardhi kwa kisigino.

"Ni tayari," alisema. "Na leo si Jumapili."

Akavua koti. Mzee Gideon alikuwa ameuchukua ule mnyororo wa Oates kutoka matopeni, akaupima mkononi, akaufunga kwenye gogo la kuburuta, kwa kuwa kamba ya zamani ilikuwa imelika. Oates alikuwa bado amesimama pale na kufuli lake.

"Hiyo ni mali ya kampuni," alisema.

"Njoo uichukue basi," alisema Mzee Gideon, akapanda juu ya gogo na kuwagutia farasi.